Urefu wa Mtutu na Mawindo Madogo: Uchambuzi wa Uchaguzi wa Shotgani Fupi

Shotgani, yaani bunduki yenye mtutu laini kwa ndani ambayo hutema kwa pamoja chembe nyingi ziitwazo marisau badala ya kurusha risasi moja, ndiyo silaha iliyozoeleka zaidi katika uwindaji wa mawindo madogo, kwa sababu sungura anayekurupuka kichakani au kwale anayeruka ghafla mbele ya mwindaji hatoi nafasi ya kulenga kwa utulivu. Katika uchaguzi wa silaha hiyo, hakuna kipimo kilichozua mabishano ya muda mrefu kama urefu wa mtutu. Wapo wanaoshikilia kwamba mtutu mrefu huua mbali na mfupi ni dhaifu, na wapo wanaoamini kwamba mtutu mfupi hutawanya marisau kwa upana na hivyo kumrahisishia mtu kupata shabaha. Imani zote mbili zina kasoro ileile: zinaupa urefu wa mtutu kazi inayofanywa na sehemu nyingine za bunduki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba urefu wa mtutu hubadilisha zaidi jinsi bunduki inavyotembea mikononi mwa mpigaji kuliko unavyobadilisha nguvu zake, na kwamba kwa sababu hiyo unapaswa kuamuliwa mwishoni, baada ya kuyajua mawindo, umbali, aina ya marisau na uzito unaofaa.

Ni lazima kwanza ieleweke ni mtutu gani unaoitwa mfupi. Shotgani nyingi za kuwindia ndege huwa na mtutu wa sentimita 71 hadi 76, yaani inchi 28 hadi 30, na zile zinazohesabiwa kuwa fupi kwa matumizi ya mwindaji huwa na sentimita 61 hadi 66, yaani inchi 24 hadi 26. Chini ya hapo zipo bunduki za walinzi na askari zenye mtutu wa karibu sentimita 46, na chini zaidi zipo zilizokatwa kwa msumeno, ambazo katika nchi nyingi ni kosa la jinai kuwa nazo. Uchambuzi huu unahusu kundi la kwanza la bunduki fupi, lile lililotengenezwa fupi na kiwanda kwa ajili ya kazi ya porini, na makundi mengine yanatajwa tu pale yanapoonyesha mipaka yake.

Chimbuko la imani katika mtutu mrefu

Imani kwamba urefu ni nguvu haikuzuka bure. Baruti nyeusi, iliyotumika katika magobori yaliyoshindiliwa kwa mdomo, huungua kwa namna inayohitaji nafasi ndefu ili gesi zake zimalize kuyasukuma marisau, na kwa hiyo fundi wa zamani aliyerefusha mtutu alikuwa akinunua kasi ya kweli. Bunduki za aina hiyo ziliingia Afrika Mashariki kwa wingi katika karne ya 19 kupitia soko la Zanzibar, zikafuata njia za misafara hadi bara, na magobori yaliendelea kutumiwa na wawindaji wa vijijini muda mrefu baada ya Ulaya kuyaacha. Mwindaji aliyejifunza kazi kwa gobori alikuwa na haki ya kuuheshimu mtutu mrefu.

Mambo yalibadilika pale baruti isiyotoa moshi ilipoenea katika miaka ya 1880 na 1890, kwa kuwa baruti hiyo humaliza sehemu kubwa ya kazi yake katika sentimita chache za mwanzo za mtutu, na urefu unaobaki huongeza kasi kidogo tu. Hata hivyo, desturi haikufuata fizikia mara moja, na bunduki za Uingereza ziliendelea kutengenezwa kwa inchi 30 kana kwamba baruti haijabadilika. Mtu aliyeivunja desturi hiyo kwa kishindo alikuwa Robert Churchill, fundi bunduki wa London, ambaye katika miaka ya 1920 aliuza na kuitangaza bunduki yenye mitutu ya inchi 25 aliyoipa jina la XXV. Churchill aliambatanisha na bunduki hiyo mtindo maalumu wa kupiga unaotegemea mwili mzima kugeuka na jicho kubaki kwenye shabaha, na juu ya mitutu akaweka ukanda mwembamba ulioinuka na kupungua upana kuelekea mdomoni, ili jicho la mpigaji lione urefu usiokuwepo. Wapinzani wake walidai kwamba bunduki hiyo ni dhaifu, naye akaitetea. Kuhusu nguvu, alikuwa sahihi. Kuhusu utulivu wa mkono, wapinzani wake pia hawakukosea kabisa, kama itakavyoonekana.

Kasi na mtawanyiko

Risasi ya kawaida ya shotgani, yaani ganda lililojazwa baruti na marisau, hutoa marisau hayo kwa kasi ya takriban mita 370 hadi 400 kwa sekunde. Kila sentimita mbili na nusu zinazopunguzwa kwenye mtutu, ndani ya urefu unaotumika kwa uwindaji, huondoa mita mbili au tatu tu za kasi hiyo. Mwindaji anayetoka kwenye mtutu wa sentimita 71 kwenda wa sentimita 61 hupoteza basi mita kumi kwa sekunde au zaidi kidogo, ilhali marisau yenyewe, kwa kuwa ni madogo na ya mviringo, hupunguzwa kasi na hewa hadi karibu nusu kabla hayajafika mita 36. Kinachopotea kwa ufupi wa mtutu ni sawa na kile ambacho hewa hukipunguza katika mita chache za safari, na mwindaji anayemsogelea mnyama hatua chache zaidi hukirudisha chote.

Mtawanyiko, yaani upana ambao marisau huenea yanapozidi kwenda mbali, una chanzo tofauti. Unatawaliwa hasa na mbano, ambao ni ule wembamba kidogo uliotengenezwa katika sentimita chache za mwisho za mtutu ili kuyakusanya marisau kabla hayajatoka. Mmoja wa waliobuni mbano huo ni W. R. Pape wa Newcastle, aliyepata hataza yake mwaka 1866. Kwa kipimo kilichozoeleka, mtutu usio na mbano wowote hupeleka karibu asilimia 40 ya marisau yake ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36.6, wenye mbano mdogo hupeleka asilimia 50, wa wastani asilimia 60, na wenye mbano kamili asilimia 70. Kwa umbali wa mita 18, ambao ndio umbali wa kawaida wa kumpiga sungura vichakani, mtutu usio na mbano hueneza marisau kwa upana wa takriban sentimita 80, na ule wenye mbano kamili sentimita 40 tu.

Kutokana na takwimu hizo, asili ya imani ya pili inafahamika. Mtutu uliokatwa hutawanya kwa upana kwa sababu msumeno umeondoa mbano uliokuwa mdomoni, na upana huohuo hupatikana katika mtutu mrefu usio na mbano. Bunduki fupi yenye mbano wa wastani na bunduki ndefu yenye mbano uleule hutoa mtawanyiko unaokaribiana mno kiasi kwamba mnyama hawezi kuokoka kwa tofauti hiyo. Anayetaka upana achague mbano, wala asiutafute katika ufupi. Na kwa kuwa bunduki nyingi za leo huwa na vipande vya mbano vinavyofungwa na kufunguliwa kwa skrubu, uchaguzi huo unaweza kubadilishwa asubuhi ya siku ya kuwinda bila kuigusa bunduki yenyewe.

Mwendo wa bunduki mikononi

Urefu wa mtutu hujidhihirisha kwa kweli katika mwendo. Kitu kinachozungushwa hukataa kuanza kuzunguka, na kikishaanza hukataa kusimama. Ukaidi huo huongezeka kwa mraba wa umbali kati ya uzito na mahali kinapozungukia. Gramu chache zilizoko mdomoni mwa mtutu, mbali na mikono, kwa hiyo huhesabika kuliko gramu nyingi zilizoko karibu na kifyatulio. Bunduki fupi huanza kugeuka upesi, hufika kwenye shabaha iliyo karibu kabla haijatoweka nyuma ya mti, na haikwami kwenye matawi wala mizabibu ya mwituni wakati wa kuinuliwa begani. Katika misitu ya kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako ndege aitwaye woodcock huruka kutoka kwenye vichaka vya maji maji na kupigwa ndani ya mita 20 hadi 25, wawindaji wengi hupendelea mitutu ya sentimita 61 au 66 kwa sababu hiyo hasa.

Wepesi huo una gharama. Bunduki inayoanza upesi husimama upesi, na kosa lililozoeleka zaidi la mpigaji wa ndege ni kusimamisha bunduki papo hapo anapofyatua, hivyo marisau yakapita nyuma ya ndege. Mtutu mrefu, kwa uzito wake wa mbele, huendelea kusonga hata pale mkono unapositasita, na ndiyo sababu wawindaji wa bata wanaopita juu kwa kasi na wapigaji wa visahani vya udongo huutaka mrefu. Mtutu mfupi pia humpa mpigaji mstari mfupi wa kuuongoza macho, jambo ambalo Churchill alilitambua, ndiyo maana akabuni ukanda wake. Umbali ukizidi mita 30 na shabaha ikiwa inakatiza, ufupi huacha kuwa faida.

Uzito, geji na teke

Ufupi mara nyingi huambatana na wepesi, na wepesi huleta teke, yaani ule msukumo wa nyuma unaopiga bega bunduki inapolia. Teke hutegemea uzito wa marisau, kasi yake na uzito wa bunduki, na W. W. Greener, fundi na mwandishi wa Birmingham katika karne ya 19, alijulikana kwa kanuni rahisi kwamba bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya uzito wa marisau yake. Kwa marisau ya gramu 28, kanuni hiyo inadai bunduki ya takriban kilo 2.7, kwa gramu 32, zaidi kidogo ya kilo 3. Mwindaji anayenunua bunduki fupi ya kilo 2.4 kisha akaijaza risasi nzito za kupigia bata atapata maumivu, na baada ya maumivu huja tabia ya kufumba macho na kushtua kifyatulio, ambayo huharibu shabaha kuliko upungufu wowote wa mtutu.

Hapo ndipo linapoingia suala la geji, yaani kipimo cha upana wa tundu la mtutu kinachotokana na idadi ya goroli za madini ya risasi, zenye upana sawa na tundu hilo, zinazotimiza ratili moja. Ndiyo maana namba kubwa humaanisha tundu dogo: geji 12 ina takriban milimita 18.5, geji 20 milimita 15.6, na geji 28 milimita 14. Ile inayoitwa .410 haifuati hesabu hiyo, kwani hutajwa kwa sehemu za inchi, na ina takriban milimita 10.4. Kwa bunduki fupi na nyepesi ya mawindo madogo, geji 20 ndiyo yenye uwiano bora: hubeba gramu 24 hadi 28, hutosha kwa sungura, kwale na njiwa, na fremu yake ndogo huipa bunduki wepesi bila kuunyang’anya mtutu urefu wake. Geji 12 yenye risasi za gramu 28 nayo hufanya kazi hiyo, na risasi zake hupatikana kwa urahisi zaidi. Bunduki ya .410, ambayo mara nyingi hununuliwa kwa ajili ya vijana kwa kuwa ni nyepesi, hubeba karibu gramu 14 hadi 19, na gramu 14 za marisau namba 6 ni chembe zipatazo 112 tu, ikilinganishwa na 225 katika gramu 28. Inahitaji mpigaji stadi, na mikononi mwa anayejifunza huacha wanyama wengi wakiwa wamejeruhiwa. Nyumba yenye bunduki za geji 12 na geji 20 kwa pamoja haina budi kutenganisha risasi zake, kwa maana risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye geji 12 huteleza na kukwama mbele, na ya pili ikifyatuliwa nyuma yake mtutu hupasuka. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano.

Mitambo na urefu wa jumla

Kinachokwama kwenye kichaka ni bunduki nzima, wala si mtutu peke yake. Bunduki ya kukunjwa, iwe ya mtutu mmoja, ya mitutu miwili iliyolala sambamba au iliyopandana, haina sanduku refu la mitambo nyuma ya mtutu, ilhali bunduki ya pampu na ile inayojipakia yenyewe huwa na sanduku linaloongeza sentimita zisizopungua nane hivi. Matokeo yake ni kwamba bunduki ya kukunjwa yenye mitutu ya sentimita 71 hukaribia kulingana kwa urefu wa jumla na bunduki ya pampu yenye mtutu wa sentimita 63. Anayetaka ufupi wa porini bila kupoteza mstari wa macho wala utulivu wa mtutu mrefu anaweza kuupata kwa kubadili aina ya mitambo. Bunduki ya kukunjwa ina faida nyingine kubwa kwa watu wanaowinda kwa kundi: ikifunguliwa, kila mtu huona kwa mbali kwamba haiwezi kulia.

Kitako nacho kina sehemu yake. Kitako kirefu mno hukwama kwapani bunduki inapoinuliwa, na kifupi mno hupeleka kidole gumba puani. Mtu mfupi wa mikono au kijana hufaidika zaidi kwa kitako kilichopunguzwa kwa vipimo vyake kuliko kwa mtutu uliopunguzwa, ingawa madukani hali hizo mbili mara nyingi huuzwa kwa pamoja kama kitu kimoja.

Mipaka ya sheria

Sheria za nchi nyingi zimeweka kikomo cha chini cha mtutu kwa sababu ya urahisi wa kuficha bunduki fupi chini ya nguo. Marekani, kwa Sheria ya Kitaifa ya Silaha ya mwaka 1934, iliweka mpaka wa inchi 18 kwa mtutu wa shotgani, na bunduki iliyo chini ya hapo haiwezi kumilikiwa kihalali bila kusajiliwa. Mwaka 1939, katika kesi ya Miller, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali sheria hiyo dhidi ya wanaume wawili walioshtakiwa kwa kusafirisha shotgani ya aina hiyo kutoka Oklahoma hadi Arkansas. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1968, huhesabu kuwa shotgani ya kawaida ile tu yenye mtutu usiopungua inchi 24. Mwindaji hana sababu ya kulalamikia mipaka hiyo, kwani hakuna faida ya uwindaji inayopatikana chini yake: kasi huporomoka zaidi, mbano hutoweka, mlio husogea karibu na sikio, na mdomo wa bunduki huwa rahisi mno kuelekea mguuni au kwa mwenzake.

Katika Afrika Mashariki, swali la mtutu hutanguliwa na swali la ruhusa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na umiliki wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwindaji wa kanga au kwale anapaswa kuzikamilisha taratibu hizo zote mbili kabla ya kutazama rafu ya muuzaji, kwa sababu bunduki halali mikononi mwa mtu asiye na leseni ya kuwinda humfanya kuwa jangili.

Marisau, masikio na mazingira

Uchaguzi wa marisau hufuata ukubwa wa mnyama. Namba 7½, yenye chembe za milimita 2.4 hivi, hufaa njiwa, tombo na kwale. Namba 6, ya milimita 2.8, hufaa sungura. Na kanga, mwenye uzito wa kilo moja na zaidi na manyoya mazito, huhitaji namba 5 au 4. Madini ya risasi yamekuwa yakitumika kwa karne nyingi kwa kuwa ni mazito, lakini ni sumu, na ndege wa majini huyameza wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi. Marekani iliyapiga marufuku kwa uwindaji wa ndege wa majini nchini kote mwaka 1991, Denmark ikayaondoa kabisa kwenye shotgani mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye ardhioevu kuanzia mwaka 2023. Marisau ya chuma yaliyoyarithi ni mepesi zaidi, hupoteza kasi mapema, na huweza kuharibu mtutu wenye mbano mkali. Kwa hiyo mwindaji anayeyatumia achague chembe kubwa zaidi kwa namba mbili, mbano mdogo na umbali mfupi. Masharti hayo hayagongani na bunduki fupi, kwa kuwa umbali mfupi ndio uwanja wake.

Mlio wa shotgani huzidi desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kudhuru sikio, na mtutu mfupi huuleta mlio huo karibu zaidi na mpigaji na mbwa wake. Vizibo vya masikio ni sehemu ya gharama ya bunduki, na anayevihesabu kuwa anasa atalipa kwa usikivu wake uzeeni.

Utaratibu wa kuchagua

Yote yaliyoelezwa yakikusanywa, uchaguzi sahihi unafuata mfululizo ambao mtutu umo mwishoni. Mwindaji aanze na mnyama na nchi anamoishi: sungura na kwale wa vichakani hupigwa ndani ya mita 25, kanga ambaye hukimbia kabla ya kuruka hupigwa mara nyingi kati ya mita 25 na 35, na bata wa mabwawani huweza kuwa mbali zaidi. Umbali huo huamua marisau na uzito wake. Uzito wa marisau huamua geji na uzito wa bunduki. Umbali huohuo huamua mbano. Umbo la mwili huamua kitako. Ni hapo tu ndipo mtutu uchaguliwe, na jibu halitakuwa moja kwa wote. Anayewinda sungura na kwale kwa miguu katika vichaka, akibeba bunduki kutwa nzima na kupiga mara chache, anahudumiwa vyema na bunduki ya geji 20 yenye mitutu ya sentimita 61 hadi 66, mbano mdogo na uzito wa kilo 2.4 hadi 2.7. Anayewinda kanga kwenye mbuga wazi na bata kandokando ya maji, na ana uwezo wa kununua bunduki moja tu, afadhali achukue mtutu wa sentimita 71, kwa sababu bunduki hiyo vichakani humsumbua kidogo, ilhali fupi penye uwazi humkosesha mengi.

Kabla ya kulipa fedha, na tena kabla ya kuingia porini, bunduki ijaribiwe kwa kufyatuliwa mara kadhaa kwenye karatasi kubwa kwa umbali ambao mnyama atapigwa, ili idadi na mpangilio wa matundu vithibitishe mbano na marisau vilivyochaguliwa. Karatasi hiyo humwonyesha mwindaji pia umbali ambao hapaswi kuuvuka, ule ambapo matundu yameachana kiasi cha mnyama kupita katikati yake akiwa amejeruhiwa. Uwindaji wa mawindo madogo una wajibu mmoja usiopunguzwa na udogo wa mnyama: auawe upesi, apatikane, na nyama yake isipotee. Bunduki fupi inayotumika ndani ya mipaka yake huutimiza wajibu huo kikamilifu, na anayeijua mipaka hiyo kabla ya kuinunua hana haja ya kuogopa maneno ya wanaoihukumu kwa urefu wake.